AFYA NYUMBANI: Ni kalanga njo inamuwasha mutoto?



Mama mmoja wa Likasi ameniandikia barua fupi sana. Ninaiandika hapa kama alivyoiandika yeye: "Pasta, mutoto yangu iko na myaka mbili. Anajikwaruza busiku muzima, hatulale. Bantu banasema ni alerji ya kalanga na samaki. Nimukataze bya kula gani?"

Barua hii niliisoma mara tatu. Mimi si munganga. Nimesoma shule ya Biblia, sikusoma shule ya dawa, na mambo ya ngozi nimefundishwa na wanganga na ma-infirmie wenye subira. Lakini swali la mama huyu ninalijua, kwa sababu hapa Kabongo lilinipata mimi mwenyewe na nililijibu vibaya. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu, halafu tutafika kwenye kalanga.

Ilikuwa mwaka 2016, wakati wa kiangazi. Mama mmoja wa ushirika wetu alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Tangu alipokuwa na miezi minne ngozi yake ilikuwa kavu mashavuni, kisha ugonjwa ukashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Alijikwaruza mpaka damu. Baba yake alikuwa ameenda Kolwezi kuchimba, kama vijana wengi wa kwetu, na feza ilikuja mara moja moja. Mama alikuwa na mimba nyingine, basi mtoto alikuwa ameachishwa ziwa.

Majirani wakamwambia kwamba damu ya mtoto ni moto, na kalanga zinaichemusha. Akakata kalanga. Mtoto hakupona. Akakata samaki, hata wale wadogo wa ziwa Boya ambao wanauzwa kwa bei ndogo. Hakupona. Akakata mayai. Mwisho akaja kwangu, akauliza: "Pasta, nifanye nini?" Nami nikamjibu kama mtu anayejua. Nikamwambia: "Mama, umefanya vizuri, endelea hivyo hivyo, na maziwa uache pia, nasi tutaomba." Nilikuwa nafikiri habari za Danieli na wenzake, waliokataa chakula cha mfalme na nyuso zao zikawa nzuri kuliko za wengine. Nilisahau kwamba Danieli alikuwa kijana mzima, hakuwa mtoto anayetafuta kukua, wala hakuishi kwa bukari ya muhogo peke yake.

Tukaomba. Mtoto akabaki na uji mweupe wa muhogo asubuhi, na bukari na matembele kidogo jioni.

Baada ya miezi mitatu miguu yake ikavimba. Mama alifurahi, alidhani amenenepa. Kisha nywele zikawa laini na nyekundu-nyekundu. Kwenye mapaja na matako ngozi ikawa na mabaka meusi, ikapasuka na kubanduka kama rangi ya zamani inavyobanduka ukutani. Hakucheza tena. Alikaa tu pale ulipomuweka. Na sisi, badala ya kushtuka, tukasema: tazama, alerji imezidi, labda tukate na sombe.

Shangazi yake ndiye aliyemchukua mtoto kwa nguvu na kumpeleka hospitali, nami nikafuata na kinga yangu. Infirmie alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale. Akaniangalia mimi, si mama. Akauliza: "Nani alimukataza huyu mutoto kula?"

Nilinyamaza. Mama naye alinyamaza, hakunitaja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo kuliko kama angenitaja.

Ugonjwa ule unaitwa kwashiorkor, wengine hapa Congo wanasema bwaki. Jina lenyewe limetoka Ghana, katika lugha ya Waga. Daktari mwanamke Cicely Williams aliandika habari zake mwaka 1933, na mwaka 1935 akatumia jina lile ambalo wamama wa kule walimfundisha: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amekuja. Wanganga bado wanachunguza kwa nini mtoto mmoja mwenye njaa anavimba na mwingine anakonda tu, lakini mahali unapotokea panajulikana: ni pale mtoto anapoishi kwa muhogo au mahindi matupu, bila kitu cha kujenga mwili. Na ona, unatokea kwenye ngozi! Mtu asiyejua anaona ngozi mbaya anafikiri chakula kimezidi, kumbe chakula kimepungua.

Mnajua mtoto alipewa dawa gani? Pakiti ndogo ya kitu kama siagi. Ndani yake kuna kalanga zilizosagwa, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne, waliitengeneza mwaka 1996, na imeponya watoto wengi sana Afrika. Mama aliposikia harufu ya kalanga akarudi nyuma hatua mbili. Infirmie akampa mtoto kidogo kwa kidole, akangoja, akamwangalia midomo na pumzi, akampa tena. Hakuna kilichotokea isipokuwa mtoto kutaka zaidi. Kwa hiyo kalanga na maziwa, vitu viwili tulivyomkataza, ndivyo vilivyomrudisha.

Sasa turudi kwa mama wa Likasi. Ekzema ni nini?

Fikiria nyumba ya matofali. Tofali ni nzuri, lakini udongo wa kati ya tofali na tofali ukiwa mbaya, upepo utapita na mvua itaingia. Kuna watoto wanaozaliwa na ngozi ya namna hiyo, mara nyingi katika jamaa zenye pumu au mafua ya vumbi. Maji ya ngozi yanatoka, ngozi inakauka. Sabuni kali, vumbi na jasho vinaingia, mwili unakasirika, unawasha. Mtoto anajikwaruza, ukuta unabomoka zaidi, vijidudu vinaingia, inakuwa kidonda. Kwa mtoto mchanga inaanza usoni, kwa mkubwa inakaa kwenye mikunjo. Vitabu vya Wazungu vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu: utaona rangi ya majivu, au weusi uliozidi, na vipele vidogo vikavu. Haiambukizi. Wale wanaokataa mtoto wa ekzema asikae karibu na wenzake katika shule ya Siku ya Mungu wanamuonea bure.

Halafu tazama majira. Huku kwetu ekzema inazidi mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi na upepo mkavu. Na kabla ya hapo, mvua inapokwisha, nyumba nyingi zinajaa kalanga mpya. Mtoto anakula kalanga, upepo mkavu unakuja, ngozi inapasuka, na kalanga ndizo zinazohukumiwa. Upepo hauna mtu wa kuushtaki.

Je, basi alerji ya chakula haiko? Iko kweli, na inaweza kuua. Wenzetu wa Tanzania wanaiita mzio, neno ambalo zamani kwao lilikuwa chakula ambacho mtu amekatazwa, kama miiko ya wazee wetu. Labda ndiyo sababu tunachanganya. Mwiko unatoka kwa babu. Alerji inatoka katika mwili wa mtu mmoja, na ina dalili zake. Mtoto anakula yai, samaki, kalanga au maziwa, na kwa dakika chache, au kabla ya saa mbili kupita, midomo au macho yanavimba, mwili unatoa mabaka yaliyoinuka kama umechomwa na upupu, anatapika, anakohoa, pumzi inapiga filimbi. Ukiona pumzi inabana au mtoto analegea, usitafute pasta. Kimbia hospitali, kuna sindano ya adrenalini, na dakika zina thamani. Chakula hicho usimpe tena mpaka munganga aseme, maana mara ya pili inaweza kuwa mbaya kupita ya kwanza. Kwa mafinkubala pia, na panzi: mtu anayedhurika na kamba wa majini anaweza kudhurika nayo, kwa sababu miili yao inafanana kwa ndani.

Lakini kati ya watoto wenye ekzema kali, ni kama mmoja kwa watatu tu aliye na alerji ya chakula. Wenye ekzema ndogo ni wachache zaidi. Na hata kwa huyo mmoja, mara nyingi ekzema ilitangulia na alerji ikafuata. Profesa Gideon Lack wa London alilieleza jambo hili mwaka 2008: chakula kinachoingia kupitia ngozi iliyopasuka, kwa vumbi na mikono na mafuta, mwili unakihesabu kama adui, kile kinachoingia kwa kinywa tangu utoto, mwili unakizoea kama rafiki. Kwa hiyo, ba mama, mafuta ya kalanga msiyapakae kwenye ngozi ya mtoto mwenye ekzema. Kalanga mahali pake ni sufuria.

Yeye na wenzake walijaribu. Walichukua watoto wachanga 640 wa miezi 4 mpaka 11, wenye ekzema kali au alerji ya mayai. Nusu walilishwa vyakula vya kalanga kila juma, nusu walikatazwa kabisa mpaka miaka mitano. Mwaka 2015 wakatangaza matokeo: kati ya waliokatazwa, karibu 17 kwa 100 walikuwa na alerji ya kalanga, kati ya waliokula, kama 3 kwa 100. Waliokingiwa ndio walioumia zaidi! Na wanganga wakubwa wa Marekani walikuwa wameandika mwaka 2000 kwamba watoto wa jamaa zenye alerji wangoje miaka mitatu kabla ya kuonja kalanga. Mwaka 2008 wakaliondoa neno hilo. Nilipolisoma nilifarijika kidogo. Hata wenye vitabu vikubwa walimkataza mtoto bure, na walikuwa na ujasiri wa kugeuka.

Basi mtoto wako akifika miezi sita, maziwa ya mama yakiendelea, muwekee kalanga zilizosagwa laini kabisa ndani ya uji. Usimpe punje nzima, mtoto chini ya miaka mitano anaweza kupaliwa na kufa. Kama ekzema yake ni kali sana au amekwisha kudhurika na yai, muulize munganga kwanza. Na wewe mama unayenyonyesha, kula. Hakuna haja ya kujikataza samaki kwa sababu shavu la mtoto linawasha.

Mnadhani kuna jamaa inayokula bukari ya mahindi bila kalanga na ngozi yake isidai? Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji walikuwa kambini Malawi. Walikuwa wanapewa mahindi na kalanga. Kalanga zikakosekana katika mgao. Ngozi za watu zikaanza kuwa nyeusi na kupasuka pale jua linapopiga, shingoni kama mkufu, mikononi, miguuni. Wagonjwa walipita 18,000. Ugonjwa ule ni pelagra, mwili unakosa vitamini moja inayoitwa niasini, ambayo katika mahindi imefungwa na tumbo haliwezi kuifungua vizuri, lakini katika kalanga iko nyingi. Miaka kumi baadaye, 1999 na 2000, ilitokea tena kwa jirani zetu wa Angola, mjini Kuito, watu walipofungiwa na vita. Wote hao, ngozi yao ilikuwa inalia njaa ya kalanga.

Sasa neno kwa ninyi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, maana huko kuna mambo mawili ambayo sisi wa Kabongo hatuna sana.

La kwanza ni tomson. Samaki huyu akikaa nje ya baridi, umeme ukikatika frigo ikalala, halafu akagandishwa tena, vijidudu vinatengeneza ndani yake kitu kinachoitwa histamini. Kupika hakukiondoi, kukaanga hakukiondoi. Mtu anakula, uso unawaka moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga, na saa chache baadaye imepita. Anasema: mimi niko na alerji ya samaki. Siyo lazima! Kama watu watatu wa meza moja wamewashwa siku ile ile, samaki ndiye mgonjwa. Mutafute muuzaji mwingine.

La pili ni mikono. Baba anatoka kwenye machimbo, au mama anatoka kuosha mawe, vidole vimepasuka, vinawasha, vinatoa maji. Nyumbani wanaanza kukata nyama ya nguruwe. Lakini kobalti yenyewe ni kitu kinachojulikana kuleta ekzema ya kugusa, na nikeli pia, na simenti kwa wajenzi. Inatokea siku moja au mbili baada ya kugusa, kwa hiyo mtu hakumbuki. Angalia tu: ikipungua unapokaa nyumbani juma mbili, na kurudi unaporudi kazini, usishtaki sahani.

Na kabla ya kusema ekzema, angalia kama si upele. Upele unawasha zaidi usiku, uko kati ya vidole, kwenye mikono na kiunoni, na haumkamati mmoja, unakamata nyumba. Mkijikwaruza watatu katika kitanda kimoja, dawa inapakwa kwa wote siku moja, na nguo na mablanketi yanafuliwa na kuanikwa juani.

Mama wa Likasi ataniuliza: nitajuaje kama mtoto wangu ni yule mmoja kwa watatu? Soma Walawi 13. Sura ile wengi tunairuka, lakini mimi siku hizi ninaipenda. Kuhani aliyeletewa mtu mwenye alama kwenye ngozi hakupiga kelele. Alitazama. Kama hakuwa na hakika, alingoja siku saba, akatazama tena, na siku saba nyingine. Fanya vile. Andika kwenye daftari la shule kile mtoto alichokula, sabuni, hali ya hewa, na usiku alivyolala. Usikate kitu kwa maneno ya jirani. Ukishuku kitu kimoja, kwa sababu kila mara anapokila anabadilika, peleka daftari kwa infirmie. Akikubali, mnaondoa kimoja tu, si vitano, kwa juma mbili mpaka nne, na mahali pake mnaweka kingine chenye nguvu kama hicho: samaki akitoka, maharagi yaingie. Kisha kinarudishwa mbele ya mwenye kujua. Kama hakuna kilichobadilika, mwache mtoto ale. Na kila mwezi apimwe kilo. Mtoto anayekatazwa chakula na kilo zinashuka, anaharibiwa.

Kwa ngozi yenyewe: maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa muda mfupi. Sabuni kidogo isiyo na harufu. Anapotoka, kabla hajakauka kabisa, mpake vazelini isiyo na manukato, mwili mzima, asubuhi na jioni, hata siku anapoonekana amepona. Kucha fupi. Nguo ya pamba. Ndimu, chumvi, majivu na petroli, hapana, mnamchoma. Kuna pomade za kortizoni ambazo munganga anaandika kwa siku chache pale panapowaka, nazo ni nzuri zikitumiwa vile alivyosema. Lakini ile ya sokoni ambayo dada zetu wanajipaka kubadilisha rangi, usiichukue kwenye meza yao na kumpaka mtoto mchanga. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, na dawa inaingia mwilini.

Yule mtoto wa ushirika wetu yuko shuleni sasa. Ekzema haikuondoka yote. Mwezi wa saba bado inarudi kwenye viwiko, na mama yake ana kopo la vazelini nyuma ya mlango. Jumapili moja baada ya ibada alinialika kula kwao. Ilikuwa bukari, na matembele yaliyopikwa na kalanga. Alinipakulia nyingi, akamuita mtoto akae karibu nami, akasema: "Pasta, omba." Niliomba kwa kifupi.